Mtaji wa kuaminiana

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Mwafrika wa Tanganyika alikuwa na akiba kidogo posta na hamu kubwa ya kufanya biashara, lakini sheria ilimfungia mlango wa mkopo. Msikiti, kanisa, kikundi cha ngoma na chama cha wakulima vikafanya kazi ambayo benki ilikataa kuifanya.

Agosti 10, 1946, Aga Khan wa Tatu, Sultan Muhammad Shah, aliketi upande mmoja wa mizani kubwa mjini Dar es Salaam. Upande wa pili visanduku vya almasi viliongezwa kimoja baada ya kingine hadi pande zote zikalingana. Alikuwa akiadhimisha miaka 60 ya uimamu wa Waismailia, na miezi mitano kabla ya hapo alikwishapimwa vivyo hivyo Bombay.

Mji ulizungumzia almasi. Almasi zenyewe zilikuwa za kuazima, na sherehe ilipokwisha zikarudi kwa wenyewe. Kilichobaki ni fedha walizochanga waumini kwa thamani ya mawe hayo. Imamu hakuzitia mfukoni, alitaka zifanye kazi ndani ya jumuiya. Ndivyo ilivyopata nguvu Diamond Jubilee Investment Trust, kampuni ya mikopo iliyoanzishwa kati ya 1945 na 1946 ili kuwakopesha Waismailia mitaji ya maduka na fedha za kujengea nyumba. Leo mjukuu wake ni Diamond Trust Bank, yenye matawi Tanzania, Kenya na Uganda.

Mwenye duka dogo bara, hata akiwa hana hati ya kiwanja, alikuwa na kitu kimoja ambacho wakopeshaji wake walikithamini: watu waliosali naye jamatkhana, nyumba yao ya ibada, walimjua, walimjua baba yake, na walijua kama msimu uliopita alilipa au alikwepa. Akishindwa kulipa kwa uzembe, hakuwa na pa kujificha. Dini hapo ilikuwa imani, na papo hapo ilikuwa daftari la wadaiwa.

Anayetaka kuielewa miaka 15 iliyofuata vita katika Tanganyika na majirani zake hawezi kuziweka dini, jamii na biashara katika mafaili matatu tofauti. Watu waliokuwa wazee wa msikiti au wa kanisa ndio waliokuwa viongozi wa vyama, na mara nyingi ndio waliokuwa na duka, lori au shamba la kahawa. Waliunganishwa na tatizo moja: namna ya kumwamini mtu kwa fedha pale ambapo serikali na benki hazimtambui.

Sheria iliyomnyima mkopo Mwafrika

Tanganyika ilikuwa na sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji, iliyotungwa miaka ya 1920 na kufanyiwa marekebisho mwaka 1931. Kwa sheria hiyo, mfanyabiashara asiye Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika hakuweza kulidai deni lake mahakamani mpaka awe na idhini ya maandishi ya ofisa wa serikali. Wakoloni walidai wanamlinda mwenyeji asinyonywe na wafanyabiashara wajanja. Matokeo yake ni kwamba hakuna mwenye akili aliyemkopesha. Muuza jumla alimpa bidhaa kwa fedha taslimu au hakumpa kabisa, na benki haikumfungulia mlango.

Katika hali hiyo ndipo waliporudi askari. Watanganyika zaidi ya 80,000 waliandikishwa jeshini wakati wa vita, na maelfu miongoni mwao walipigana Burma. Walirudi na malipo yao ya kuagwa, wakayaweka posta, na wengi walikuwa na wazo moja: duka, hoteli ya chai, au lori la kubebea abiria na mazao. Walikuta nguo, sukari na bati vikigawiwa kwa mgao, na mgao ukifuata nani alikuwa akiagiza kiasi gani kabla ya vita. Mwafrika ambaye kabla ya vita hakuwa muagizaji hakuwa na fungu. Neno magendo likawa la kila siku. Khanga ziliuzwa kwa bei ya dirishani kwa wanaojuana, na bei ya mgeni ilikuwa nyingine.

Kodi ya chumba na bei ya unga vilipanda kuliko mishahara, na bandari zikawa za kwanza kuchemka. Januari 1947 Mombasa ilisimama kwa karibu majuma mawili katika mgomo mkuu wa wafanyakazi wapatao 15,000. Chege Kibachia, aliyekuja kuwa sauti ya wafanyakazi hao, alikamatwa Agosti mwaka huohuo na kuhamishwa mbali na mji. Septemba ikawa zamu ya makuli wa Dar es Salaam. Mgomo wao ulipanda treni na kuifuata reli ya kati hadi bara. Unguja walifuata Agosti 1948.

Mgomo wa kibarua ni jambo zito kuliko mgomo wa mwenye mshahara wa mwezi. Kibarua hulipwa siku kwa siku, na siku asiyofanya kazi hakuna chungu jikoni. Hawezi kugoma asipokuwa na mtu wa kumkopesha unga, na mwenye nyumba wa kumvumilia kodi. Mtandao wa aina hiyo haukuundwa na chama cha wafanyakazi. Chama kiliukuta tayari, katika majirani wa Kariakoo na Ilala, wenyeji wa kabila moja, waliozikana na waliosoma maulidi pamoja. Baada ya mgomo wa 1947 makuli walipata nyongeza kubwa ya mshahara na chama kilichoandikishwa rasmi, na miongoni mwa waliokitumikia akiwa katibu ni Abdulwahid Sykes, aliyerudi kutoka Burma. Baba yake, Kleist Sykes, alikuwa miongoni mwa waasisi wa African Association mwaka 1929, na pia wa Al-Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika. Kwa hiyo katika nyumba moja ulikuta siasa, dini, biashara na bandari. Mwanzoni mwa 1950 mgomo mwingine uliishia katika ghasia, na chama hicho kikavunjwa.

Upatu na lelemama

Wanawake wa mjini hawakuwa na chama cha kuandikisha, lakini walikuwa na utaratibu wa fedha uliokuwa mkongwe kuliko vyama vyote. Katika upatu, wanawake kumi wanakubaliana kila mmoja atoe shilingi mbili kila wiki. Wiki hii shilingi 20 zote anachukua mmoja, wiki ijayo mwingine, mpaka mzunguko ukamilike. Wa kwanza kupokea amekopeshwa na tisa wenzake bila riba. Wa mwisho amejiwekea akiba. Hakuna karatasi, na mchezo mzima unasimama juu ya jambo moja, kwamba aliyepokea mwanzo hatatoroka. Ndiyo maana kungwi au mama anayeheshimika alipewa kazi ya kukusanya, na ndiyo maana mpangaji mpya mtaani aliwekwa nyuma ya foleni.

Kwa fedha hizo mwanamke alinunua karai la maandazi, alilipia sanda, alishona sare ya ngoma ya lelemama. Vikundi vya ngoma vilikuwa na uongozi wao, na vyeo vyao, na michango yao. Mwaka 1955, TANU ilipotafuta namna ya kuwafikia wanawake wa Dar es Salaam, Bibi Titi Mohamed, ambaye mwenyewe alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma, alikwenda kwa viongozi wa vikundi hivyo. Kadi za chama zikauzwa kwa kasi ambayo wanaume wa kamati hawakuitarajia. Chama cha siasa kilipokea uaminifu uliokuwa umejengwa kwa miaka mingi katika upatu na ngoma.

Karanga za Kongwa

Ili kuona thamani ya mtaji huo, inafaa kutazama mradi uliokuwa na kila kitu isipokuwa huo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, iliyokuwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya vita, ilianza kulima karanga Tanganyika. Mpango ulikuwa ekari zaidi ya milioni tatu, kuanzia Kongwa kwenye nchi ya Wagogo, kisha Urambo na Nachingwea. Vifaru vya vita aina ya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta ya kung'olea miti. Bandari ya Mtwara na reli ya kusini vilijengwa kwa ajili ya mazao yaliyokuwa bado hayajapandwa.

Udongo wa Kongwa una mfinyanzi. Mvua ikikata, jua huukausha ukawa mgumu kama sakafu ya saruji, na karanga zilizokwishakomaa zikabaki zimefungwa humo humo bila kung'oleka. Mvua yenyewe huja inapotaka. Mgogo yeyote mwenye mifugo angeweza kuyasema hayo, lakini mpango ulikwishapitishwa London baada ya ziara ya majuma machache. Januari 1951 mradi wa awali ulitupwa, na zaidi ya pauni milioni 35 zikafutwa vitabuni. Fedha, mashine na wataalamu vilikuwepo. Hakuwepo mtu wa mahali pale mwenye hisa katika jambo lile, wala mwenye nafasi ya kusema hapana.

Nani anapima pamba?

Kanda ya Ziwa katika miaka hiyohiyo ilitoa mfano wa kinyume chake. Msukuma alilima pamba, akaivuna, akaipanga, akaibeba hadi kwenye kituo cha mnunuzi, ambaye kwa kawaida alikuwa mfanyabiashara wa Kihindi aliyeuza kwa wenye vinu. Mizani ilikuwa ya mnunuzi. Mawe ya kupimia yalikuwa ya mnunuzi. Mkulima asiyejua kusoma tarakimu aliona mshale ukicheza, akaambiwa uzito, akapewa fedha. Malalamiko ya kupunjwa yalikuwa wimbo wa kila msimu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walianza kuwaweka vijana wao waliosoma kwenye vituo hivyo, wakiwa na mizani yao wenyewe. Mkulima alipima kwanza kwa kijana wa kwao, akaandikiwa kikaratasi, ndipo akaenda kwa mnunuzi akijua mzigo wake una ratili ngapi. Wakulima walilipa ada ndogo kwa huduma hiyo. Kabla chama chochote hakijauza hata robota moja ya pamba, kilikuwa kimeuza kitu ambacho wakulima walikihitaji zaidi: kipimo wanachokiamini.

Kijana aliyeujua mwelekeo huo ni Paul Bomani, mtoto wa mhubiri wa Kisabato. Alikuwa karani kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui, kisha mwaka 1947 akawa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza. Aliona kwamba mwenye duka mdogo hawezi kusimama mpaka mkulima anayenunua kwake apate bei halali, akageukia pamba. Alikwenda Loughborough, Uingereza, kusomea ushirika, na mwaka 1955 vyama vya msingi viliungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, ambacho mwisho wa muongo huo kilikuwa kinapitisha mikononi mwake pamba yote ya kanda na kumiliki vinu. Kilikuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Chama cha msingi kilihitaji katibu wa kuandika daftari hilo, na huyo alipatikana wapi? Mara nyingi katika shule za misheni, kwa kuwa shule nyingine vijijini zilikuwa chache. Karani wa chama mara nyingi alikuwa mwalimu wa Jumapili au mwana wa katekista. Katika nchi za Bukoba, Rwanda na Uganda, uamsho wa Kikristo ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 uliwapa wakulima kipimo kingine cha mtu. Waliookoka walisimama hadharani wakaungama, na kuungama hakukuishia kwenye maneno: aliyeiba alirudisha, aliyekuwa na deni alilipa. Majirani waliwacheka kwa ushupavu wao, lakini walipohitaji mtu wa kumwachia sanduku la fedha walijua wa kumwendea.

Kahawa, kanisa na Mangi Mkuu

Kilimanjaro walikuwa wametangulia. KNCU, chama chao cha ushirika wa kahawa, iliandikishwa mwaka 1933, mwaka mmoja baada ya sheria ya vyama vya ushirika. Bei ya kahawa ilipopanda baada ya vita na kuruka zaidi mwanzoni mwa miaka ya 1950, chama kilikuwa tayari kimekomaa. Fedha zilizoshuka mlimani ziligeuka mapaa ya bati, ada za shule na malori. Mwaka 1952 Wachagga walimsimika Thomas Marealle kuwa Mangi Mkuu, mtawala wao wote, na sauti ya wenye kahawa ilisikika wazi katika siasa za kumsimika.

Kanisa lilipita njia inayofanana. Wamisionari wa Kijerumani wa Leipzig waliwekwa kizuizini vita ilipoanza, na sharika zikabaki mikononi mwa wachungaji na wazee Waafrika. Walutheri wa Marekani walileta msaada, lakini kuanzia wakati huo wenyeji walikuwa wameonja kuendesha mambo yao: kukusanya sadaka, kulipa walimu, kujenga. Tanganyika ilipopata uhuru, kanisa la kaskazini lilikuwa linaongozwa na Stefano Moshi, mzaliwa wa mlima uleule. Upande wa Wakatoliki, Laurean Rugambwa wa Bukoba aliwekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1952 na kufanywa kardinali mwaka 1960.

Mwaka huohuo wa 1952 ilitoka Biblia nzima ya Kiswahili cha Muungano, iliyowaondoa Waprotestanti katika mgawanyiko wa tafsiri ya Unguja na ile ya Mombasa. Mwaka uliofuata jumuiya ya Ahmadiyya ilichapisha Nairobi tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili, na mabishano iliyoyazusha yalichangia kazi kubwa ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy, iliyokamilika mwaka 1969. Mkristo wa Moshi na Mwislamu wa Ujiji sasa walijadiliana dini kwa lugha ileile waliyouziana ngano na dagaa.

Shilingi kwa shilingi

Waislamu wa Kiafrika walikuwa na jeraha la elimu. Shule nyingi zilikuwa za misheni, na mzazi aliogopa mtoto asije akabadilishwa dini. Mwaka 1945 Aga Khan aliasisi East African Muslim Welfare Society, makao yake Mombasa, kwa masharti ya kibiashara: kila shilingi watakayochanga Waislamu wengine, naye atatoa shilingi. Misikiti na shule zilijengwa kwa utaratibu huo Tanganyika, Kenya na Uganda.

Tunda kubwa zaidi la roho hiyo lipo Mombasa. Chuo cha ufundi cha Waislamu, MIOME, kilipokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1951. Walioweka fedha ni Aga Khan, ambaye alikuwa Mshia wa Kiismailia. Sultani wa Zanzibar, ambaye alikuwa Muibadhi. Jumuiya ya Mabohora. Na serikali ya kikoloni. Wanafunzi waliotarajiwa walikuwa zaidi Masuni wa pwani na bara. Madhehebu manne na Mwingereza wa tano waliweza kukubaliana juu ya ufundi hata pale walipotofautiana juu ya mengine mengi. Mwaka 1966 chuo kilipewa jina jipya na kufunguliwa kwa dini zote, na leo ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa.

Si haki, hata hivyo, kuisimulia habari hii kana kwamba kuaminiana kulikuwa kwa watu wote. Daftari linalomjua mtu kwa jamatkhana yake humfungia nje asiyesali humo. Mkulima aliyepimiwa pamba na Mhindi hakusahau kupunjwa uhuru ulipokuja, na fedha za Aga Khan hazikuondoa swali la nani anaamua ndani ya jumuiya ya Waislamu. Swali hilo lilikomaa hadi Desemba 1968, serikali ilipoipiga marufuku East African Muslim Welfare Society na baraza jipya la Waislamu, BAKWATA, kuanzishwa.

Kilichofuata

Vyama vya ushirika navyo vilianza kuoza kwa ndani kabla havijapigwa kutoka nje. Vilipokua kwa haraka baada ya uhuru, serikali ilivipeleka hata mahali ambapo wakulima hawakuviomba. Makarani wakaongezeka, na malalamiko ya wizi na upendeleo pia. Mwaka 1966 Rais aliunda kamati maalumu ya kuchunguza ushirika, na muda mfupi baadaye chama cha Bomani kikawekwa chini ya uangalizi wa serikali. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa vyote kwa amri. Nafasi yake ilichukuliwa na mamlaka za mazao, na mkulima akaanza kuuza mazao leo na kungojea malipo kwa miezi.

Sheria ya 1982 iliruhusu vyama virudi. Majina yalirudi, na majengo mengine yalirudi. Wanachama hawakurudi na imani ile, kwa sababu imani hairudishwi kwa tangazo la gazeti la serikali. Wanawake, ambao upatu wao haukuwahi kuandikishwa na kwa hiyo haukuweza kufutwa, waliendelea. VICOBA tunavyoviona leo kila mtaa ni upatu uliopata sanduku lenye kufuli tatu na washika funguo watatu, na vikundi vya akiba vinavyokusanyia michango kwenye simu vinamchagua mwanachama kwa swali lilelile: nani anamjua huyu?

Kila msimu wa korosho na kahawa, serikali huhimiza wakulima waingie AMCOS, vyama vya ushirika vya mazao, na kila msimu husikika mahali fulani kwamba fedha zimepotea. Tiba inayopendekezwa kwa kawaida ni mkaguzi mwingine, kanuni nyingine, mfumo mwingine wa kompyuta. Vyote vina faida. Lakini vyama vya baada ya vita havikuanza na kanuni. Vilianza na watu waliokuwa wamekwishaaminiana katika jambo jingine, wakamchagua mmoja wao ashike daftari, na wakabaki na uwezo wa kumwondoa asubuhi wakiona linawadanganya. Chama ambacho mwanachama wake hawezi kulifungua daftari hilo, wala kumwondoa anayelishika, kitaendelea kuitwa ushirika kwenye makaratasi ya wizara tu.